Mashine Nyeupe ya Shangazi Notburga

"Hivi nyinyi watu wa parokiani, mkiteremka ziwani huwa mnafulia wapi?"

Mama Kilian aliuliza swali hilo siku moja asubuhi, akiwa ameshika ufagio uani kwake. Hakuuliza kwa utani. Mwanawe wa pili alikuwa ameanza kukojoa damu miezi michache baada ya kurudi kutoka ziwani, na hospitalini walisema ni kichocho. Alikipata majini, alipokuwa akiwasaidia akina mama wa parokia kufua.

Aliyeulizwa alikuwa Shangazi Notburga, jirani yake. Yeye alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia pale Mbinga mjini. Mara mbili kwa mwaka kikundi chake kilifuatana na Sista Eliza, muuguzi, kwenda kuchanja watoto katika vijiji vya ufukweni. Walisafiri na nyumba ya magurudumu, ambayo wajenzi wa barabara waliiacha walipomaliza kazi, na sasa ilivutwa na Landrova ya parokia. Ndani yake mlikuwa na vitanda viwili, jiko la mafuta na friji dogo la chanjo lililoendeshwa na jenereta. Akina mama walilala kwenye mahema na kufua mashuka na aproni ziwani, maji yakiwafika magotini.

"Tutanunua mashine ya kufulia," Shangazi alisema mwishowe. "Ya kusafiria. Tutachota maji, tutayachemsha, na hakuna atakayekanyaga ziwani tena."

Ottilia alikuwa akiosha vyombo huku akisikiliza. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo. Kila Jumamosi alitumwa kupangusa vumbi ndani ya ile nyumba ya magurudumu. Aliijua pembe kwa pembe, ila hakuwa amewahi kusafiri nayo hata siku moja.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia Mbinga, na maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalijaa redio, baiskeli na vitu ambavyo watu hawakujua hata majina yake. Duka la Mzee Zaidi, mtu aliyetoka pwani, lilikuwa mojawapo. Jumatatu Shangazi alikwenda huko na Ottilia.

"Shikamoo, Mzee Zaidi," Ottilia alisalimu.

"Marahaba, binti. Karibuni, mama mwenyekiti."

Mzee Zaidi aliwaonyesha mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeupe pepepe, ina vitufe na kioo cha mviringo, na ilichemsha maji yenyewe. Ya pili ilikuwa pipa dogo la plastiki ya buluu, limelazwa juu ya miguu ya chuma, na ubavuni lina mpini wa kuzungusha.

Shangazi aliitazama ile ya pili, akacheka kwa dharau. "Hii si mashine ya kumenyea kahawa?"

"Inafanana nayo tu, mama. Unaweka nguo, maji ya moto na sabuni, unafunga, unazungusha. Haitaki umeme. Kwa safari zenu, hii ndiyo."

"Mzee Zaidi, unataka tuchekwe? Wanyasa wale wa ufukweni wana midomo! Watasema, 'Tazameni Wamatengo wa milimani, wamebeba mashine ya kumenyea kahawa mpaka ziwani. Mibuni iko wapi?' Hapana. Nataka hiyo nyeupe. Si umesema nayo ni ya kusafiria?"

"Nimesema inabebeka. Hata jiwe la kusagia linabebeka." Mzee Zaidi alitabasamu, lakini alipoendelea hakuwa anatania. "Mama, mashine hii inakula umeme mwingi. Soma hapa nyuma, wati elfu moja na mia tano. Hapa dukani naiwasha kwa jenereta kubwa. La kwenu ni la wati ngapi?"

"Letu ni kubwa," Shangazi alijibu haraka.

Ottilia aliijua namba yenyewe. Jenereta la nyumba ya magurudumu alikuwa akilipangusa kila Jumamosi. Lilikuwa na kibati cha shaba, na juu yake imeandikwa wati mia sita na hamsini. Alifungua mdomo.

"Shangazi..."

Shangazi alimkata kwa jicho. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo, alimshika bega na kusema kwa sauti laini, "Safari hii utakwenda nasi, Ottilia. Utakuwa msimamizi wangu wa mashine. Haya, ulikuwa unasema nini?"

Ziwa! Ottilia alikuwa akiliota tangu darasa la kwanza.

"Hakuna kitu, Shangazi," alisema.

Mzee Zaidi alimtazama msichana, akamtazama mwanamke. "Mimi nimesema," alisema, na kuanza kuifunga mashine nyeupe kwa kamba.

Alhamisi waliteremka kupitia kijiji cha Ruanda hadi Lituhi, ufukweni. Ottilia aliliona ziwa, jeupe kama bati jipya, na watu wakishusha samaki kwenye mitumbwi. Alifurahi kwa muda wa saa mbili hivi. Mchana Shangazi aliwaita wanawake wa kijiji waje kuona mashine ya kisasa. Akajaza maji, akaweka mashuka na kuchomeka waya karibu na ule wa friji.

"Msimamizi, washa!" alisema kwa fahari.

Ottilia alibonyeza kitufe. Jenereta lilikoroma kama ng'ombe aliyekabwa, likatoa moshi na kuzima. Harufu ya waya ulioungua ilijaa kambi nzima. Dereva Methodi alivuta kamba ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka. Halikuwaka.

Mwanamke mmoja wa kijijini alisema, "Mashine ya kisasa inafua moshi," na wenzake wakaangua kicheko. Sista Eliza peke yake hakucheka. Alikuwa akilitazama friji.

Joto la ufukweni halina huruma. Asubuhi Sista alilifungua friji, akaishika barafu iliyokwisha kuwa maji, kisha akaanza kuzitoa chupa za chanjo ya surua moja moja na kuzipanga chini. Nje kulikuwa na foleni ya akina mama na watoto mgongoni. Baadhi yao walianza safari jana yake.

"Hizi zimepata joto, siwezi kumchoma mtoto," Sista aliwaambia. "Nisameheni. Rudini nyumbani. Tutawaita tena."

Mwanamke mmoja mwembamba hakuondoka upesi. "Sista, nyumba ya jirani yangu surua imeshaingia," alisema. "Nitamwambia nini huyu wa mgongoni? Asubiri?"

Sista aliinama, akaendelea kupanga chupa. Ottilia aliyasikia yote akiwa nyuma ya hema.

Kikao kiliitwa Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia pale Mbinga. Asubuhi hiyo, walipokuwa wakivaa, Shangazi alimwambia Ottilia, "Leo Zaidi atakuwepo. Ametuuzia kitu kibovu, na padre atatangaza kwamba waumini wasinunue tena kwake. Ukiulizwa, sema hakutuambia neno lolote."

"Lakini alituambia, Shangazi. Nilisikia."

"Ulisikia nini?" Shangazi aliitupa kanga kitandani. "Nani amekulisha? Nani amekuvisha? Mgeni wa pwani ana uzito kuliko mimi?"

Ottilia aliiokota kanga, akaikunja. Katika sala ya toba misani, watu waliposema "kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu," Ottilia hakuyatamka maneno yale ya mwisho. Alikuwa ameyasema tangu komunyo yake ya kwanza bila kujua yanamhusu nani.

Ukumbini Shangazi alisimama wa kwanza. Alisema kwa ukali, akimnyooshea kidole Mzee Zaidi aliyekaa peke yake kwenye benchi la mbele. "Huyu alijua tunakwenda porini! Akanyamaza akachukua fedha ya kanisa. Watoto wamekosa chanjo kwa sababu yake!"

Ukumbi ulivuma. "Aibu!" mtu mmoja alipiga kelele nyuma.

Mzee Zaidi alisimama. "Miaka kumi na moja niko Mbinga. Nani humu nimemuuzia kitu nikamficha kasoro yake? Asimame!" Hakuna aliyesimama. "Nilimsomea huyu mama wati. Nilimshauri achukue ya mkono. Aliikataa."

"Mwongo!" Shangazi alisema.

"Si mwongo," sauti ndogo ilisema.

Watu waligeuka. Ottilia alikuwa amesimama juu ya benchi ili aonekane. "Alisema yote. Akauliza jenereta letu ni la wati ngapi. Mimi nilijua, ni mia sita na hamsini, nalipangusa kila Jumamosi. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka kwenda ziwani." Akamgeukia mfanyabiashara. "Mzee Zaidi, nisamehe."

"Nimekusikia, binti," Mzee Zaidi alisema, akakaa.

Ottilia alidhani sasa Sista atamsifu. Sista Eliza alikuja mbele, uso wake haukuwa na tabasamu.

"Umesema kweli leo, na imekugharimu, nimeona. Lakini mwanangu, yule mama wa Lituhi alirudi nyumbani na mtoto asiyechanjwa. Unajua kwa nini tunachanja mtoto akiwa mzima? Kwa sababu akishaugua tumechelewa, tunabaki kutibu. Ukweli nao ni hivyo hivyo. Ungesema pale dukani, ungetukinga sote. Leo tunatibu tu." Akaugeukia ukumbi. "Na sisi wakubwa tusijifiche nyuma ya mtoto. Kitu cha safari huchaguliwa kwa kazi yake, si kwa macho ya watu. Tuliogopa kuchekwa, tukapoteza chanjo."

Mama Kilian ndiye aliyeuliza, "Sasa tufanyeje?"

"Ile nyeupe haijafa," Mzee Zaidi alisema bila kuwatazama. "Kilichoungua ni jenereta. Ileteni, mchukue ya mkono. Sifanyi kwa ajili ya aliyeniita mwongo. Nafanya kwa ajili ya watoto wa ziwani."

Methodi alisema fundi ameahidi kulitengeneza jenereta ifikapo Jumatano, na Sista akasema siku hiyohiyo atachukua chanjo nyingine na kurudi Lituhi. Akina mama walikubali, wengine wakipiga makofi. Sista aliinua mkono wanyamaze.

"Mama Notburga," alisema taratibu, "limebaki neno moja, la kumwambia Mzee Zaidi. Nalo ni lako."

Watu wote walisubiri. Shangazi Notburga alisimama. Alimtazama Mzee Zaidi, akamtazama Ottilia kwa muda mrefu, midomo yake ikafunguka kidogo. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akapita katikati ya mabenchi na kutoka nje bila kulisema neno hilo.