Orodha ya Masanze

Ndugu zangu mnaofanya kazi maofisini, na ninyi mnaohudumiwa na ofisi hizo, nipeni masikio yenu kidogo.

Ilikuwa asubuhi tulivu pale Kilosa. Gaudiosa alifungua ofisi, akafuta vumbi mezani, akakagua seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, na kuinjika chai. Shirika lao lilikuwa dogo, na kazi yake ilikuwa kuwatahadharisha watu wa mabondeni juu ya mafuriko. Mto ukijaa, kompyuta ilituma ujumbe kwenye simu za watu wa kata husika. Majina na namba za familia mia sita zilikaa katika faili moja kwenye seva, na Gaudiosa peke yake ndiye aliyeweza kulibadili. Wenzake walilisoma tu.

Wenzake hao wakaanza kunung'unika. Walisema Gaudiosa anabana, anajifanya mwenye ofisi. Meneja wao, mzee Optatus, hakupenda kelele, akamwambia awafungulie wote. Gaudiosa alijua si sawa, lakini hakutaka kuitwa mwenye roho mbaya. Akabonyeza mara mbili tatu, na kila mfanyakazi akapata ruhusa ya kubadili na kufuta chochote. Siku hiyo alisifiwa sana. Tuseme ukweli, wengi wetu tungefanya vivyo hivyo.

Baada ya wiki mbili, mfanyakazi mgeni aitwaye Fortunatus aliona majina yamekaa ovyo. Kwa nia njema kabisa akayapanga kwa alfabeti, akahifadhi, akaenda kula. Hakujua kwamba amepanga safu za majina na kata peke yake, na namba za simu zimebaki zilipokuwa. Kila jina likakaa ubavuni mwa namba ya mtu mwingine. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa mvua ilikuwa haijaanza.

Ilipoanza, ilianza kwa nguvu. Alasiri moja mto ulipanda upande wa Masanze, na Gaudiosa akatuma ujumbe kwa watu wa kata hiyo. Haikupita muda simu ya ofisi ikaita. Aliyepiga alijitambulisha kuwa Parsimei, mfugaji wa upande wa Mikumi.

"Dada, huku kwetu ni pakavu," alisema. "Lakini nimepata ujumbe unaomwita Mwamvua wa Masanze, unamwambia akimbilie shuleni. Mimi simjui. Je, mwenyewe amepata habari?"

Gaudiosa alifungua faili na kutafuta namba yake mwenyewe, maana naye alikuwamo orodhani. Aliikuta mbele ya jina la babu mmoja wa kata ya Ulaya, hapo hapo Kilosa. Akajua orodha nzima imevurugika.

Hakukaa kulia. Alimpigia mwalimu Deogratias, aliyekuwa akifundisha Masanze, akamweleza kwa maneno machache. Mwalimu akagonga kengele ya shule mfululizo, na msikitini wakatangaza kwa kipaza sauti. Watu wakatoka. Mwamvua, mjane aliyelea wajukuu wawili chini kabisa ya bonde, alitoka wa mwisho, maji yakiwa kiunoni, mjukuu mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono. Hakufa mtu. Lakini nyumba yake ilianguka, na mahindi na kuku wote wakaenda na maji.

Siku ya tatu Gaudiosa alikwenda kumwona pale shuleni, walikohifadhiwa waliokimbia maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akamweleza yote bila kumtaja mtu mwingine. Alisema kosa ni lake, kwa sababu alifungua alipotakiwa kufunga.

Mwamvua aliwatazama wajukuu wake. "Ningepata nusu saa tu, ningeokoa chakula cha hawa watoto," alisema. "Nimekasirika, sikufichi. Lakini umekuja mwenyewe kuniambia. Sasa rudi ukaifunge hiyo orodha yenu."

Gaudiosa akarudi. Kwenye kikao mzee Optatus alikiri kwamba amri ilikuwa yake. Fortunatus naye akasimama akasema ni yeye aliyepanga majina. Hakufukuzwa. Kwa siku nne alipiga namba moja baada ya nyingine, akiuliza kila mtu jina lake, hadi orodha ikanyooka. Tangu hapo watu wawili tu ndio wanaoweza kubadili faili lile, na nakala yake huhifadhiwa pembeni kila Ijumaa. Safari hii hakuna aliyenung'unika.

Majirani walimjengea Mwamvua nyumba mahali pa juu, na shirika likatoa mabati. Parsimei, ambaye kila wiki alipiga simu kuuliza habari za mama yule asiyemjua, alimletea mbuzi jike mwenye mimba. Masika yaliyofuata, mto ulipopanda tena, ujumbe ulimfikia Mwamvua mapema. Akawashika wajukuu mikono, wakaenda kuwagongea majirani waliobaki bondeni.

FUNZO

Kumnyima mtu ruhusa ya kubadili faili si kumdharau. Mpe kila mmoja ruhusa inayotosha kazi yake, kisha usione haya kukataa ya ziada, hata wakikusema. Nyuma ya kila jina kwenye kompyuta yako kuna mtu na watoto wake. Na ukikosea, usijifiche: nenda kaseme, kisha tengeneza.