Mbayuwayu Hawakulishwa Sumu

Kila asubuhi fundi cherehani alifagia kibaraza cha duka lake mara mbili. Mara ya kwanza aliondoa vumbi. Mara ya pili aliondoa kinyesi cha mbayuwayu, maana juu ya mlango, chini ya paa, kulikuwa na viota vitatu vya udongo. Mumewe, ambaye ni mwashi, alitaka kuvibomoa. Fundi alikataa. Alishazoea kushona huku ndege hao wakipishana mlangoni kama watu waliochelewa kazini.

Joto lilipoanza kupungua, mbayuwayu walijipanga kwenye waya wa umeme. Kila siku waliongezeka. Kisha asubuhi moja yenye baridi, fundi alitoka na ufagio wake, asimkute hata mmoja.

Mama mkwe wake alitoa hukumu papo hapo. Juzi tu alikuwa amemwona jirani yao, mkulima wa mboga waliyemwita Bwana Kabichi, akinyunyizia dawa bustani yake. Basi ndege wamekula wadudu wenye sumu, wamekufa.

Fundi hakusubiri. Alivuka barabara, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akamwambia Bwana Kabichi mbele ya wateja wake kwamba ameua viumbe wasio na hatia. Bwana Kabichi alijitetea kwamba alinyunyiza maji ya sabuni tu. Fundi hakusikia la mtu. Tangu siku hiyo salamu zilikatika. Miaka minane ya kuazimana ngazi na kupelekeana supu ikaishia hapo.

Wiki mbili baadaye, daktari wa mifugo alileta koti lake lipunguzwe mikono. Fundi alimweleza kisa chote huku akimpima. Daktari aliuliza kama waliokota mzoga wowote. Fundi alifikiri. Hakuna aliyeona hata unyoya.

"Basi hawajafa, dada," alisema daktari. "Wamehama. Kila mwaka huondoka wakati kama huu."

Fundi aliuliza kama wanakimbia baridi.

"Zaidi wanakimbia njaa. Mbayuwayu hula wadudu anaowadaka hewani. Baridi ikiingia, wadudu hao huadimika. Mchana nao huwa mfupi, kwa hiyo muda wa kutafuta chakula hupungua. Ndiyo maana huenda nchi zenye joto."

Mama mkwe, aliyekuwa akishona vifungo karibu na dirisha, hakuridhika. Aliuliza mbona shomoro bado wamejaa uani.

"Shomoro hula mbegu na makombo, mama. Vyakula hivyo hupatikana hata wakati wa baridi. Ndiyo maana si ndege wote wanaohama."

Daktari aliendelea kueleza. Wataalamu huwavisha ndege hao pete ndogo mguuni, yenye namba. Wenzao wa nchi za mbali huwakamata, husoma namba na kuwaachia. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba ndege mwepesi kuliko mkasi mdogo husafiri maelfu ya kilomita. Jua na nyota humsaidia kujua njia. Si wote wanaofika salama, lakini wengi wa wanaorudi hutafuta mahali pale pale walipozalia.

Fundi aliweka chaki mezani. Uso ulimshuka.

"Nimemvunjia mtu heshima bure," alisema.

Mama mkwe alikohoa kidogo, kisha akasema wataenda wote wawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyewasha moto.

Walimkuta Bwana Kabichi akifunga mafungu ya vitunguu. Fundi alimwomba radhi, tena mbele ya wateja, kama alivyomtukana. Bwana Kabichi alikaza kamba ya fungu alilolishika.

"Ningekuwa muuaji, shemeji," alisema, "ningeanza na konokono wanaomaliza kabichi zangu."

Wote watatu walicheka, na mama mkwe alirudi nyumbani na fungu la vitunguu.

Jioni ile fundi alizungumza na mumewe kuhusu viota. Kama daktari alivyomshauri fundi kabla ya kuondoka dukani, mwashi aliviacha. Alipigilia ubao mpana chini yake, umbali wa dhiraa moja, ili udake kinyesi. Walikubaliana kuusafisha ndege wakiwa hawapo, kwa glavu na kitambaa puani, kisha kunawa mikono kwa sabuni.

Baridi ilipita. Siku moja, fundi akiwa anapiga pasi, alisikia kelele anazozijua juu ya mlango. Viota viwili vilikuwa na wenyewe, na kibaraza kilibaki safi.

Siku chache baadaye Bwana Kabichi alivuka barabara, kofia mkononi. Alimuuliza mwashi kama amebakiwa na kipande kingine cha ubao. Mbayuwayu wawili walikuwa wameanza kujenga ndani ya banda lake, juu kabisa ya kiti anachokalia kunywa chai.

"Kiti sisogezi," alisema, "na wao siwafukuzi. Kwa hiyo nitengenezee dari."