Majina ya Chini ya Ukurasa

Haya yalimkuta mdogo wangu Aidan. Alinisimulia mwenyewe, mikono ameibana mapajani.

Jumanne moja asubuhi alikuwa kazini, katika ofisi ndogo ya kutafsiri Maandiko kwa Kimpoto, lugha ya huku kwetu ziwani, si mbali na Liuli. Nje usipa, dagaa wa ziwani, ulikuwa umeanikwa. Yeye alikuwa akigeuza mafaili ya zamani yasomeke kwenye simu. Programu yenyewe haina vitufe vya kubofya. Unaiandikia amri, inageuza. Lakini ina mipaka. Tanbihi za chini ya ukurasa haizijui. Inaziacha.

Tanbihi hizo Bibi Eunice, mtafsiri mzee wa ofisi hiyo, aliziandika kwa miaka kumi na mmoja: kila neno gumu, na jina la mwanamke aliyempa neno hilo. Wanawake hao wote walishakufa.

"Nikiziingiza kwa mkono, ni wiki tatu," Aidan alimwambia Mansuetus, katibu wa ofisi.

"Uzinduzi wa kitabu ni Jumapili. Ziache."

"Na jina la Bibi Eunice?"

"Langu linatosha."

Eunice alikuwa amesimama mlangoni.

"Niliwaahidi wale wanawake watakaa kwenye kitabu," alisema taratibu. "Basi watakaa kwako, Mansuetus."

Akaondoka. Aidan akaandika amri, akabonyeza. Skrini ikaandika: tanbihi 412 zimeachwa. Mansuetus akakohoa, kama mtu aliyemeza kitu kilicho hai.

Kesho yake Aidan alimwamkia. "Shikamoo, katibu."

Mansuetus akafungua mdomo aitikie. Ikatoka sauti ya bibi kizee ikitaja jina la tanbihi ya kwanza: "Ottilia."

Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Ndani ya viganja, sauti iliendelea.

Aidan akakimbilia kwa Eunice, akamkuta anapukuchua mahindi.

"Bibi, nitaziingiza zote. Mfungue."

"Ziingize, mjukuu wangu," alisema bila kuinua macho. "Ila yeye mwache."

Jumapili, kwenye uzinduzi kanisani, watu walijaribu kumzuia Mansuetus asipande mimbarini kusoma. Alipanda, kama anayesukumwa mgongoni. Hakusoma. Alitaja majina, kila jina na sauti yake. Nyingine nyembamba. Nyingine imekauka. Nyingine inalia. Watu walitambua sauti za bibi zao. Mwanamke mmoja wa benchi la nyuma aliitika, "Abee, mama," kisha akaanguka.

Alitaja hadi jua likaegemea magharibi. Hakunywa maji. Jina la mwisho lilipotoka, akakaa chini. Hakupumua tena.

Eunice alikuwa benchi la mbele. Akavaa kandambili zake, akaenda nyumbani.

Tulimzika Mansuetus siku iliyofuata. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi mimi na Aidan tulirudi kuweka sawa udongo wa kaburi, tukasimama mbali. Kulikuwa na nyayo za miguu peku, ndogo, za kike, zimefuatana kama foleni kutoka barabarani. Zote zilielekea kaburini.

Hakukuwa na hata unyayo mmoja uliorudi.