Onja Kwanza, Mama

Mwanamke yule aliingia getini bila kuulizwa amemfuata nani, na mlinzi hakuinua hata kichwa.

Ilikuwa Jumapili ya wageni katika shule moja ya bweni, nje kidogo ya Bariadi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na udongo mweusi wa mbuga ulinata kwenye kila kiatu. Kina mama walitoka Zagayu, walitoka Lamadi, walileta sato wa kukaanga, walileta michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na bwalo lote lilinguruma kwa Kisukuma na vicheko. Sia alikaa peke yake kwenye benchi la nyuma. Mama yake, Stephania, muuguzi, alikuwa amehamishiwa Songea, akaenda na Tumsifu, mdogo wake Sia, akamwacha Sia amalizie kidato cha pili. Tangu hapo Jumapili za wageni zilimpita Sia kama mvua ya kijiji cha jirani.

"Nimekuja kumwona mwanangu," mwanamke alisema, akaketi.

"Mwanao nani, mama? Nikuitie."

"Wewe hapo."

Sia alicheka. Mwanamke hakucheka. Alifunua hotpoti, mvuke ukapanda, lakini haukunukia chakula. Ulinukia udongo wa kiangazi uliopigwa na tone la kwanza. Ndani mlikuwa na ndizi na nyama. Sia alitia kijiko kinywani, akafumba macho. Chumvi ya mama. Ndimu ya mama. Hata ule ukoko wa mama, ambaye husahau jiko akisikiliza redio.

Alikula akamaliza.

Wiki hiyo matroni, Mama Felisita, alimpa simu aongee na nyumbani. Mama yake alisitasita. "Ndiyo... binti. Hujambo, binti?" Sia akadhani ni uchovu wa zamu.

Mwezi uliofuata mgeni alirudi, na mtori, supu nzito ya ndizi. Safari hii Sia alipiga simu, akajitaja jina.

"Sia gani?"

"Mama, ni mimi!"

"Pole, binti, umekosea namba. Mimi nina mtoto mmoja tu, Tumsifu."

Sauti ilikuwa ya upole, upole wa muuguzi kwa mtoto wa watu, na upole huo ndio uliomkalisha Sia chini kwenye saruji.

Nancy, jirani yake wa kitanda, msichana wa Zagayu mwenye mdomo mwepesi, alimkuta akilia. Alisikiliza yote bila mzaha. "Akija tena," alisema, "niite nimsalimie."

Alikuja. Nancy alipiga magoti kwenye tope, macho chini, kama wasichana wa kwao wanavyomsalimia mkubwa. "Mwadila, mayu." Sia, ambaye kwao hawapigi magoti, hakuwahi kuinamisha macho mbele ya mgeni wake. Nancy aliinuka midomo imepauka, akamvuta Sia mpaka nyuma ya jiko.

"Miguu," alinong'ona. "Mvua yote hii, Sia, na miguu yake mikavu, misafi, kama ya mtu aliyeoshwa tayari kuzikwa. Aliwahi kuonja kabla hajakupa?"

"Kuonja?"

"We Mchaga wewe! Kwetu aliyeleta chakula huonja kwanza, mbele ya macho yako. Hata bibi yangu mzaa mama huonja! Lile jini linakulisha mama yako, kijiko kwa kijiko; kila ukila, yeye anakusahau. Kaliambie lionje. Likiombwa haliwezi kukataa."

Sia alirudi. Sahani ilikuwa tayari imepakuliwa.

"Onja kwanza, mama."

Kelele za bwalo zilikwenda mbali, zikawa kama kelele za kijiji kingine, ng'ambo ya mashamba ya pamba, ambako kila mtu ana wake na hakuna anayemngoja Sia.

"Nikionja, atakukumbuka," mwanamke alisema taratibu. "Ila hatakuja, mwanangu. Mimi nimewahi kukosa?"

Sia aliangalia geti. Halafu alisogeza kijiko mpaka kwenye midomo ile mikavu, nayo ikafunguka, ikapokea, na uso wa mwanamke ukaanza kupasuka kama mbuga wakati wa kiangazi, ufa ukizaa ufa, bila sauti, bila damu, macho yakimtazama Sia kwa huruma mpaka jicho la mwisho likazibika, na benchini pakabaki donge la udongo mweusi.

Jioni matroni alikuja mbio na simu.

"Sia wangu!" Mama alikuwa akilia. "Sijui nilikuwa wapi. Nimekuwa kama mtu aliyetumbukia kisimani."

"Utakuja lini, mama?"

"Kazi zimenibana, mwanangu. Labda likizo."

Jumapili ya wageni iliyofuata, Nancy alimwita akale na ndugu zake. Sia alisema ameshiba. Alikwenda bombani, akanawa mikono, akakaa kwenye benchi lake la nyuma. Kisha akasogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu.