Nilifuta Kaburi la Mama wa Rafiki Yangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na tisa, sina mke wala kazi ya kudumu. Shule niliiacha kidato cha pili. Tangu hapo nimetangatanga kati ya Kasulu na Kibondo. Leo napakia maharage sokoni Mabamba, kesho nachoma matofali. Lakini kujua mambo... hiyo ndiyo njaa yangu!

Mwaka 2012 nilikuwa nashinda kwenye chumba cha intaneti Kasulu, nikisoma kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuiandika. Wahuni waliingiza humo uongo: watemi wasiopata kuishi, mito isiyokuwepo. Mimi niliugundua na kuomba ufutwe. Vijana wakanitania, "Profesa wa kidato cha pili!" Nikavimba kichwa.

Humo nilizoea kukaa na Ezekieli, Mrundi aliyezaliwa Mtabila, kambi ya wakimbizi jirani na Kasulu. Kambi ilipofungwa na wao kurudishwa Burundi, alikuja kuniaga.

"Nimeacha kitu changu mle mtandaoni, sha, rafiki yangu. Nitunzie."

Nikacheka. Sikuuliza ni kitu gani...

Baadaye nikakuta ukurasa wa ajabu. Makaburi ya Mtabila: majina ya marehemu, na kwa kila jina, hatua za kuhesabu kutoka kwenye mkaratusi mkubwa. Mwandishi alitumia jina nisilolijua. Hakutaja kitabu wala gazeti. Nikaandika: "Uzushi. Hakuna chanzo." Ukafutwa siku ileile. Nikajipongeza kwa soda!

Mwaka 2015 Burundi ikachafuka. Ezekieli akakimbilia tena huku, akanitafuta. Nyumba yake ilikuwa imeungua pamoja na daftari lake la kumbukumbu. Alikuwa na baba yake, mzee mgonjwa aliyetaka jambo moja tu: aketi kwenye kaburi la mkewe kabla hajafa.

Tulikwenda Mtabila. Misalaba ya miti ilishaliwa na mchwa, majani yamefunika kila kitu. Mkaratusi ulikuwepo. Lakini hatua ngapi? Upande upi?

"Usihofu, baba," Ezekieli alisema akitoa simu. "Niliandika mahali pasipoungua."

Akafungua. Ukurasa haukuwepo! Palikuwa na mstari mmoja: umefutwa, uzushi. Na jina la aliyeomba ufutwe... jina langu!

Hakunitukana. Ingekuwa heri angenitukana.

"Ulikuwa hapa Kasulu," alisema. "Una baiskeli, una miguu isiyotulia. Mbona hukuja kutazama?"

Nikaichukua simu yake palepale.

Niliandika kuomba ukurasa urudishwe. Nikajibiwa: leta chanzo. Maneno yangu mwenyewe!

Siku ile mzee aliuzunguka mkaratusi hadi jua likazama, amevua kofia na viatu, maana hakujua ni wapi angemkanyaga mkewe. Wiki chache baadaye alifariki. Ezekieli hasemi nami tena.

Ndugu zangu, uongo upigeni vita. Lakini kabla hujaliita neno la mtu uzushi, inuka, nenda ukaone! Mimi nimechelewa. Kila nipitapo Mtabila nasimama chini ya mti ule, nahesabu hatua... kumi, ishirini, thelathini... wala sijui nahesabu kwenda wapi.