Hamira Iliyokufa

Jumamosi asubuhi, mwanamke wasiyemjua alisimama kwenye lango la bustani ya Sébastien na Adrienne, karibu na Alby, nchini Uswidi. Alikuwa akienda kupanda treni, akasikia kuku.

"Samahani jamani," alisema. "Toka nihame Bukoba sijasikia sauti hiyo. Nimeshindwa kupita."

Aliitwa Dativa. Alikuwa msaidizi wa daktari katika kliniki ya wanyama. Lakini alifika wakati mbaya, kwa maana Sébastien alikuwa na kisu mkononi.

Mbele yake aliketi Kibibi, mmoja wa kuku wao wanne. Kwa siku tano alishindwa kusimama. Vidole vyake vilijikunja kama ngumi. Orpha, binti yao wa miaka tisa, alisimama kati ya baba na kuku. Sébastien alimweleza mgeni kwamba kwao Bukavu, kuku akilemaa huingia sufuriani kabla hajakonda. Orpha akajibu kwa Kiswidi kwamba Kibibi si chakula.

Dativa aliomba amshike kuku kwanza. Alitazama nyayo, hazikuwa na kidonda wala uvimbe. Alipapasa mifupa, haikuvunjika. Aliuliza kama kuku wengine ni wagonjwa, akaambiwa wazima. Ndipo akauliza wanakula nini.

Adrienne alijibu kwa fahari. Kila siku aliwapa mahindi na bukari, yaani ugali, iliyobaki mezani, hadi washibe.

"Kushiba wanashiba, dada," Dativa alisema. "Lakini miili yao ina njaa."

Alieleza kwamba mahindi hutia nguvu, lakini vitamini za kundi B zilizomo hazitoshi. Zikipungua, mishipa ya fahamu ya miguu hudhoofika na vidole hujikunja. Tena, hapa Uswidi sheria hairuhusu kuku kulishwa mabaki ya jikoni.

"Basi ni bukari yangu imemlemaza?" Adrienne aliuliza polepole.

"Bukari si sumu, Mama Orpha. Kosa ni kumpa hiyo na mahindi tu."

Dativa aliwaambia wanunue chakula kamili cha kuku wa mayai na kukilainisha kwa maji. Wachanganye vitamini B kwenye maji ya kunywa, kama maandishi ya chupa yanavyosema. Waongeze na hamira kidogo.

Hamira ipo nyumbani, Adrienne alisema, akaenda kuileta. Dativa alisoma pakiti, akacheka. Ilikuwa poda ya kuumulia keki.

"Hii na ile ya mkate, sisi yote tunaita levire," Adrienne alijitetea.

"Hii haifai. Na ile ya mkate iko hai, itachacha tumboni mwake. Mnunulieni hamira iliyokufa."

"Madame," Sébastien alisema, "kwetu wafu tunawazika, hatuwalishi kuku."

Hata Orpha alicheka. Dativa alieleza kwamba ni hamira ya pombe iliyokaushwa. Moto umeiua, haiumui tena, lakini vitamini zimebaki. Huuzwa kwenye maduka ya chakula cha wanyama. Kisha akaomba siku kumi.

Sébastien alimtazama binti yake, akaweka kisu chini.

"Siku kumi," alisema. "Asubuhi na jioni nitamlisha mimi mwenyewe. Nikikosa hata mara moja, niiteni mwongo."

Walimtenga Kibibi kwenye boksi lenye majani makavu, wenzake wasimdonoe. Maji na chakula viliwekwa karibu na mdomo wake. Dativa aliwaonya kwamba akikataa kula, au mwingine akilemaa, wampigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Siku ya nne, vidole vilianza kufunguka. Siku ya saba, Kibibi alisimama akiegemea ukuta wa boksi.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili. Sébastien alipaswa kuongoza wimbo wa kwanza katika ibada ya mavuno huko Jakobsberg. Alikuwa ameufanyia mazoezi kwa miezi miwili. Asubuhi hiyo Kibibi alitoka kwenye boksi, akapiga hatua tano, akaketi kupumzika. Alikula taratibu, punje kwa punje, kutoka kiganjani mwa Sébastien.

Adrienne alipiga simu kutoka kituoni. Treni inakuja, alisema. Kuku atakula jioni.

"Nilisema asubuhi na jioni," Sébastien alijibu. "Tangulieni."

Alingoja hadi Kibibi akamaliza.

Alipofika kanisani, Cyriaque, mwimbaji mwenzake, alikuwa tayari akiongoza wimbo mahali pake. Sébastien alipita pembeni kimya kimya, akasimama safu ya nyuma, chembe za chakula cha kuku zikiwa bado kwenye mkono wa koti, akaitikia pamoja na wengine.