Kichwa cha Punda katika Gombo la Serano

Zama za makaisari wa Roma, katika mji wa Iskanderia, aliishi Mmisri aitwaye Petosiri, mnakili mwenye hati nzuri kupita wenzake wote. Mwaka mmoja aliajiriwa na Vibio Serano, bwana mkubwa wa Kirumi aliyekuwa akitunga kitabu juu ya miungu ya mataifa. Serano alitamka, Petosiri akaandika kwa kalamu ya tete.

Asubuhi moja Serano alitamka kwamba Wayahudi huficha kichwa cha punda cha dhahabu katika nyumba yao ya sala, na kukisujudia.

Kalamu ikasita. Miaka miwili nyuma, ghasia zilipozuka na nyumba hiyo ikachomwa moto, Petosiri aliingia ndani kumsaidia jirani yake Dositheo, Myahudi muuza mafunjo ya kuandikia, kuokoa magombo ya sheria.

"Bwana, niliingia mle," akasema. "Hamna sanamu. Mna magombo na viti tu."

Serano akatabasamu. "Nani Roma atasikiliza habari za chumba kitupu?"

"Walioichoma walikuwa wakipaza sauti juu ya punda huyohuyo, bwana."

"Andika, Petosiri."

Akaandika. Jioni alipokutana na Dositheo njiani, alishindwa kumtazama usoni.

Kesho yake ikawa zamu ya Wamisri. Serano akatamka, huku akicheka, kwamba watu hao humlilia paka kuliko mwana, na kwamba hata vitunguu vya bustanini kwao ni miungu. Petosiri akamkumbuka marehemu mama yake, alivyonyoa nyusi zake kwa maombolezo paka wa nyumbani alipokufa. Lini mama yake alikisujudia kitunguu?

Akaweka kalamu chini. Akalifungua gombo, akararua sehemu ya jana na ya leo.

Watumishi walimpiga, na kabla ya jua kutua akaamriwa kuuhama mji. Dositheo alimsindikiza hadi mtoni.

"Umejiponza kwa ajili yetu, jirani."

"Usinishukuru," Petosiri akajibu. "Jana niliandika. Nilikataa nilipoguswa mimi."

Serano akapata mnakili mwingine, akamtamkia yote upya. Kitabu kikasomwa karamuni Roma, kikanakiliwa, kikavuka bahari.

Petosiri alizeekea kijijini, kusini kabisa, akiwaandikia wakulima mashtaka yao. Kila aliyeketi mbele yake, Petosiri alimuuliza kwanza, "Wewe mwenyewe uliliona jambo hili?" Asiyeliona alirudishwa nyumbani.